Matundu ya Pini

Durham, 3 Machi 1986

Bibi mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima wa mwili, ila moyo umeniinama.

Unamkumbuka Susannah Orme, yule mshairi wa miaka mia mbili iliyopita ninayemsomea uzamivu? Nimezishika karatasi zake kwa mikono yangu. Wino umekuwa wa kahawia kama chai yako, na pembeni pana alama ya kidole gumba chake. Nilikaa robo saa nikiitazama.

Shida ni kwamba shairi lake refu liko katika vipande thelathini na kimoja visivyo na namba. Mwenyewe alivibana kwa pini, kisha tajiri mmoja aliyevinunua zamani akazichomoa zote, eti zina kutu, akavitia ovyo kwenye bahasha. Tangu hapo wasomi wanasema Susannah alishindwa kulimaliza. Mimi siamini, lakini ushahidi sina. Mwezi wa Mei nasimama mbele ya jopo, na nikienda mikono mitupu masomo yangu yamekwisha. Msimamizi wangu, Dokta Lumley, kaniambia kwa upole tu, "Imani si hoja, Bryony. Niletee kitu cha kushika."

Mjukuu wako,
Bryony


Armley, Leeds, 9 Machi

Mjukuu wangu,

Barua imefika. Mimi sijambo, goti linanung'unika kama kawaida yake. Wewe unakula? Chai na mkate si chakula cha mtu anayefikiri.

Kalamu na mimi hatujapatana tangu shule, wajua mwenyewe, na barua hii itanila jioni nzima. Lakini pini nazijua. Miaka thelathini na minane kwenye kiwanda cha suti si mchezo. Hivi nyie wasomi wote, hakuna hata mmoja aliyetazama matundu?

Pini ikipita katika vipande viwili huacha matundu mawili, la kuingilia na la kutokea, mahali pamoja, na hakuna pini mbili zinazoingia sawasawa. Kwa hiyo majirani watajulikana. Chora kila kipande kwenye karatasi nyepesi, utoboe na matundu yake, kisha uweke kimoja juu ya kingine dirishani. Nakutumia ile yangu ya kuchorea mitindo. Usiichezee, imebaki hiyo tu.

Na kipande chenye matundu mengi, ujue alikihamisha. Hata mimi kola ikinisumbua huibana na kuibandua mara kumi.

Bibi yako


Durham, 27 Aprili

Bibi,

Hujambo? Niwie radhi kwa kimya cha wiki saba. Nilikuwa dirishani.

Vimekaa vyote, thelathini na kimoja. Mara ya kwanza mwanga ulipopenya katika matundu ya vipande viwili kwa pamoja nilishika mdomo. Nilikuwa naona kazi ya mkono wake, pini baada ya pini, na shairi likajisoma lenyewe mpaka mwisho. Alilimaliza, Bibi.

Kipande kimoja kina jozi tisa za matundu. Kinasema: "Mlango uko wazi, ingia, mvua hii haina adabu." Sote tulidhani ni mwanzo. Kumbe alizunguka nacho shairi zima, akakiweka mwisho; jozi ya huko ndiyo pekee yenye alama ya kutu.

Dokta Lumley alizitazama nakala dirishani moja moja, kisha akauliza, "Nani kakufundisha hili?" Nikamwambia. Akasema, "Basi aje avione." Njoo Alhamisi tarehe nane Mei.

Mjukuu wako,
Bryony


Armley, 30 Aprili

Mjukuu wangu,

Hongera. Nimelia jikoni peke yangu. Ila kuja, siji. Mahali pale si pa watu kama mimi.

Bibi yako


Durham, 3 Mei

Bibi,

Hujambo? Treni inafika saa nne asubuhi, nitakuwa kituoni. Usiposhuka utasema ni goti, nami sitaliamini.

Bryony wako


Armley, 25 Mei

Mjukuu wangu,

Natumaini hujambo, maana mimi leo sijambo kweli. Nimepata habari kwamba jopo limekupitisha. Nimewaambia majirani wote, pamoja na wale tusiosemeshana.

Uliniuliza kwa nini siku ile nilipokuja, ndani ya chumba cha kusomea, nilinyamaza ghafla. Yule mama anayezilinda karatasi alipotazama pembeni, kwa makusudi nadhani, nilikigusa kipande cha mwisho. Pini inapoingia karatasi hubonyea, inapotokea huinuka. Anayetumia mkono wa kulia, pini yake hutokea kushoto. Za Susannah zinatokea kulia, zote. Alitumia mkono wa kushoto, kama mimi nikishona.

Mwalimu wangu aliufunga mkono huo kwenye kiti kwa utepe, miaka miwili, niandike kwa wa kulia. Nikaacha shule nikiamini vitabu vimenikataa. Kiwandani hakuna aliyejali ni mkono upi.

Mwambie Dokta Lumley. Hicho nacho ni kitu cha kushika.

Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa nikijifunza. Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelala upande, usicheke. Nimetazama saa: dakika ishirini, si jioni nzima.

Bibi yako,
Edna