Gia Namba Mbili

Butimba, 9 Machi 1994

Wifi yangu Evelina,

Mungu akupe nguvu za kufunga Kwaresima hii. Sisi hatujambo, mbuzi kazaa mapacha.

Ile Pijo ya kaka yako Chenge bado naiegesha mteremkoni. Tangu apotelee ziwani naiacha fri, bila gia, na lile jiwe langu la siku zote kwenye tairi. Lakini kila asubuhi naikuta kwenye gia namba mbili, alivyokuwa akiiegesha yeye. Ndiyo maana wazee wakitaka misa ya marehemu nawakatalia.

Fundi Shiraz alicheka. "Mama Winnie, huyo siyo mumeo. Bushi zimekwisha, mkono wa gia unashuka wenyewe." Spea siku hizi zimejaa madukani, basi akaweka bushi mpya, akarekebisha vyuma vinavyounganisha mkono wa gia, ule wa kwenye usukani, na gia boksi. Nilirudi nasali rozari, nimekubali kwamba mimi ni mjane.

Leo asubuhi nimeikuta fri, kama nilivyoiacha. Ila jiwe limewekwa pembeni ukutani, na gari halijasogea hata kidogo.

Unakumbuka kila akiliondoa alivyonitania? "Gari siyo mbuzi, mama Winnie, unalifungia nini?"

Waambie wazee misa isubiri.

Wifi yako anayekuombea,
Getruda