Siku ya Kufunga Sola kwa Mama

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu pamoja na za mama, ambaye ananisisitiza nisisahau kukuuliza kuhusu kile kikohozi. Kimekuacha? Na wanao wameizoea shule mpya? Sisi tunapumua, tunashukuru. Ila nina jambo ambalo kwenye simu mdomo wangu umelikataa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Bila shaka umeshasikia kwamba mumeo alianguka kutoka kwenye paa letu akavunjika mgongo. Watu wanasema aliteleza. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Sasa keti nikueleze.

Unajua miaka sita nafunga sola kwenye nyumba za watu, huku mama akimulikia kibatari jikoni. Alikuwa akinitania kwamba fundi viatu hutembea peku. Jumamosi ile nikasema aibu imetosha. Kufikia saa sita mchana reli za kushikia paneli zilikuwa zimekaa juu ya mabati, paneli mbili tayari, nami nakaza bolti za ile ya tatu. Bati lilikuwa la moto hata nikapiga magoti juu ya gunia.

Mara nikasikia mlango wa uani ukipigwa teke. Shemeji akaingia na nondo mkononi, akamuuliza mama ulipojificha. Mama akamjibu kwamba aliyekupiga ukamkimbia hana haki ya kukutafuta. Shemeji akamzaba kofi, mama akaangukia katoni la betri, kisha shemeji akamkanyaga mkono. Vidole viwili vilivunjika, nami niliko juu nikasikia vikivunjika. Nikapiga kelele, "Mwache mama! Anayejua alipo ni mimi!" Ndipo akapanda ngazi.

Dada, mimi nilizoea kumwona akicheka mezani. Yule aliyechomoza kwenye ukingo wa paa sikumjua. Pigo la kwanza lilinikosa likapiga paneli, kioo kizima kikapasuka chembechembe kama chumvi ya mawe. La pili likanipata begani. Akaapa atanivunja vidole kimoja kimoja mpaka nitaje mji unakokaa. Nikamtandika spana usoni, damu ikamziba jicho. Akanikaba koo, akanigongesha kichwa kwenye reli, mara mbili, mara tatu. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Akaniachia, akayumba, akateleza kifudifudi hadi ukingoni, nondo ikamtangulia chini.

Polisi niliwaeleza mpaka hapo, nikamalizia kwamba alianguka. Wakaandika, wakaondoka.

Lakini hakuanguka, dada. Alidaka mwisho wa reli kwa mikono miwili, miguu ikining'inia hewani. Hasira yote ilikuwa imemtoka. Akaniambia taratibu, "Shemeji, nipe mkono. Nina watoto."

Ningeweza kumvuta. Kazi yangu ni kupandisha vitu vizito paani. Nikamtazama. Kule chini mama alikuwa analia ameukumbatia mkono wake. Nikakumbuka siku uliyotukimbilia, umelifumbata jino lako kiganjani. Nikaokota spana, nikavigonga vidole vyake. Kimoja kimoja, kama alivyoniahidi mimi. Ilichukua muda. Kila pigo aliniita shemeji.

Daktari amesema hatatembea tena. Mama mkwe wako anatangaza kwamba ni lazima urudi umuuguze kwa kuwa aliumia akikutafuta, na mjomba wetu naye amemuunga mkono. Watakupigia simu. Nami nakujua, dada, moyo wako ni laini, utaanza kufunga mizigo kabla hawajamaliza kusema. Usije. Hakuanguka kwa ajili yako. Nilimwangusha mimi, kwa mkono wangu, akili zangu zikiwa timamu.

Mama nimeshamweleza. Akanifulia nguo ya kuvaa, kwa sababu kesho asubuhi nakwenda kituoni kusema lile nililowaficha. Nilitaka wewe ulisikie kwangu kabla halijapita midomoni mwa watu.

Na kwa kuwa hatujawahi kufichana, hili nalo lijue. Mgongo wake siujutii. Ninachojutia, na kinachoninyima usingizi, ni kwamba vidole vya mwisho vilipoachia, nilifurahi.

Wakumbatie wanao, uwaambie mama yao mdogo anawapenda. Mama anakuombea, nami nakuomba unikumbuke kwa mema niliyowahi kukutendea.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi