Usinimalizie Maneno

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, macho hayakusumbui sana, na ule mguu unaovimba ukikaa muda mrefu kwenye cherehani umepata nafuu. Mimi huku sijambo. Mafua yalinitembelea wiki iliyopita yakaondoka bila kuaga, na chakula cha bwenini ni kile kile, kinashibisha lakini hakifurahishi. Baba hajambo? Mwambie nilimuota amenyoa ndevu zote, nikaamka nacheka peke yangu. Kaka naye, na mkewe, na yule mtoto wao anayeng'ata kila anachokiona, nawasalimu wote.

Najua barua imekushangaza. Utasema siku hizi nani anaandika barua, na simu anayo. Simu ninayo, mama, ila wewe na simu nawajua. Nikipiga, kigugumizi kikinishika kwenye neno la kwanza, wewe unanipa la pili na la tatu, na tukimaliza ninakuwa nimesikiliza habari zangu mwenyewe kutoka kwako. Nikikutumia ujumbe, unasoma mstari wa kwanza halafu unanipigia kuniuliza wa pili unasemaje. Ndiyo maana nimempa dada barua hii alipopita hapa akitoka kwenye semina ya wauguzi wenzake, na nimemwapisha asiifungue. Nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea. Kaa chini, vaa miwani, usome mpaka mwisho ndipo ushike simu. Ukiruka kurasa nitajua.

Masomo yanakwenda vizuri. Unakumbuka nilipochaguliwa Idara ya Mawasiliano, kaka alisema mwenye kigugumizi kusomea kuzungumza ni kama mwenye kipara kufungua duka la vitana. Mlicheka wote na mimi nikacheka, maana utani wa kaka ukiununia ndipo anapoutia chumvi. Hata hapa chuoni, siku ya kwanza tulipoambiwa tusimame tujitambulishe, nilisimama nikakwama kwenye jina langu mwenyewe. Binti mmoja wa nyuma akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kama nimepotea njia, kwa sababu Idara ya Takwimu iko jengo linalofuata. Huyo ndiye ninayekaa naye chumba kimoja sasa. Ananiita Mheshimiwa, kwa kuwa, anasema, nikifungua mdomo ukumbi mzima lazima ungoje.

Watu wengi wanadhani tunafundishwa kusema maneno makubwa. Hayo nayo yapo: kuandaa hotuba, kusimama wima, kushusha pumzi mpaka tumboni, kuwatazama watu bila kuwakodolea. Lakini somo lililonikamata ni Stadi za Kusikiliza. Nilipoliona kwenye ratiba nilidharau, nikasema masikio ninayo tangu nizaliwe, hapa nimeokota alama za bure. Mhadhiri wake ni mzee mwembamba anayevaa sweta hata jua likiwaka, na wanafunzi wanamwita Mzee Ngoja. Utaratibu wake ni mmoja na haubadilishi. Mnakaa wawili wawili, meza katikati. Anayesema anaweka mikono mapajani, na akimaliza, akamaliza kweli, anaweka kiganja mezani. Kabla kiganja hakijaonekana, mwenzake haruhusiwi kutoa neno, wala kutikisa kichwa harakaharaka, wala kusema ile "ehe, ehe" ya kumsukuma mtu afike upesi. Anayesema akinyamaza, unanyamaza naye. Mama, ni mateso! Siku ya kwanza darasa zima tulishindwa, na kuna mmoja alijibana mdomo kwa vidole kama mtoto aliyekatazwa kucheka.

Na mimi niliyejiona fundi wa kunyamaza ndiye niliyeharibu kuliko wote. Mwenzangu alikuwa kijana mpole wa kutoka nyumba ya watoto wengi. Alianza kusema kwamba mwaka jana baba yake, kisha akainamisha kichwa akatulia. Nikaona koo lake linapanda na kushuka, nikashindwa kuvumilia. Bila kigugumizi hata chembe, ndiyo maajabu yake, nikampa pole na kumwambia kazi ya Mungu haina makosa. Kijana akanitazama. Akasema mwaka jana baba yake alioa mke wa pili, na kama pole ninayo basi nimpelekee mama yake. Darasa liliangua kicheko. Mzee Ngoja hakucheka. Aliniuliza kwa nini nimemzika baba wa watu akiwa hai. Nikajibu, kwa shida, kwamba nilimhurumia huyu kijana. Akasema nifikiri vizuri huruma ile ilikuwa ya nani, ya kijana au yangu mwenyewe, maana aliyeshindwa kukaa na kile kimya ni mimi.

Nilitoka pale nimenywea. Nilikaa kwenye ngazi za maktaba nikakuwaza wewe. Nilikumbuka nilipokuwa mdogo, ukinituma dukani kununua chumvi, halafu unanifuata nyuma. Kabla muuzaji hajaanza kuniigiza, neno limeshatoka kinywani mwako. Nilikumbuka ulivyokuwa ukija shuleni na kisingizio cha sare za kushona, ukasimama karibu na dirisha la darasa letu, na mwalimu akiniuliza swali midomo yako inaanza kucheza huko nje. Ulikuwa mkalimani wangu, mama, wa kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili. Na mara nyingi ulipatia. Nilitaka chumvi, ukasema chumvi. Nilikuwa na kiu, ukasema nina kiu. Mtu anayepatia kila siku, hakuna anayekumbuka kumuuliza mwenye mdomo kama ndivyo. Sikulaumu, na nisingependa uisome barua hii kama lawama. Ulikuwa unanikinga nisichekwe. Sasa nimejua pia kwamba kumsikiliza mtu unayempenda akihangaika na neno kunauma, na ukiweza kuyakatisha maumivu hayo utayakatisha. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa mtu ambaye hata simjui.

Mwezi huu tumekuwa na mtihani wa hotuba. Kila mmoja anapanda jukwaani na mada aliyoichagua. Wenzangu walizungumzia uongozi na mazingira, mimi nikachagua kueleza namna ya kumpima mtu nguo, maana ukumbini hapakuwa na mtoto mwingine wa fundi cherehani. Nilianza vizuri, nikafika kwenye bega nikakwama. Mama, nilikwama! B ile ilikataa kabisa. Kaka mmoja wa mstari wa mbele akaanza kuniumbia neno kwa midomo, nikamtazama mpaka akainama akajishughulisha na kamba za viatu. Feni inazunguka, mtu anakohoa, mimi nipo tu. Zamani ningeruka, ningesema mkono au shingo ili mradi nipite. Safari hii sikuruka. Nikavuta pumzi, bega likatoka, na nikaendelea mpaka kiunoni na chini mpaka kwenye pindo. Hakuna aliyekufa, mama. Wala mimi. Nilirudi kwenye kiti changu nikalia kidogo, na yule mwenzangu wa chumbani akanipa leso yake akidai ni ya mkopo.

Nimepita mtihani. Ungependa nikupe habari hiyo halafu nimalizie na salamu, na mimi ningependa hivyo hivyo. Lakini nimezunguka mbuyu vya kutosha.

Likizo iliyopita, sebuleni kwetu. Mfamasia alikuja na shangazi yake na mjomba wake, wamevaa vizuri, wamekaa kwenye kile kiti kirefu ulichokivalisha kitambaa kipya. Mfamasia wewe unamjua kuliko mimi. Duka lake la dawa limepakana na chumba chako cha kushonea, yeye ndiye anayekupa dawa ya mguu, na mvua ikinyesha anakusaidia kuingiza cherehani ndani. Ni mtu mwema na sina neno baya juu yake. Mimi na yeye tulikuwa tumesalimiana tu, habari, nzuri, basi. Wakazungumza wazee, wakakubaliana, kisha baba mkubwa akanigeukia akaniuliza mbele ya wote kama nimeridhia. Nikafungua mdomo. Neno likakwama. Nilikuwa nalisukuma kwa nguvu zangu zote, naona watu wanatazama zulia, shangazi mtu anafungua mkoba na kuufunga. Hapo ukanishika bega, ukacheka, ukasema mtoto anaona haya tu, ameridhia, wewe ndiye uliyemzaa na unamjua. Baba mkubwa akasema kimya cha binti ni ridhaa. Vigelegele vikapigwa, soda zikafunguliwa, na mimi mdomo wangu ulikuwa bado uko wazi.

Mama, neno nililokuwa nalisukuma ni hapana.

Utaniuliza kwa nini sikulisema baada ya pale. Nilijiambia nitalisema wageni wakiondoka, na wageni walipoondoka ulikuwa unaimba jikoni, sijakusikia ukiimba hivyo tangu dada apate kazi. Nikajiambia kesho. Kesho yake ukanisimamisha na futi shingoni, ukanipima gauni la harusi. Nikarudi chuoni, na kila nikijaribu simuni, nikikwama unasema najua, najua, una furaha mpaka maneno yamekupotea. Juzi umeniambia kitambaa umeshakikata. Usiku ule sikulala vizuri. Najua utanikumbusha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni kweli, mama, lakini nguo hizo sikuzivua mimi.

Mfamasia mwenyewe nimeshamwambia. Alikuja mjini kuchukua dawa za dukani, akapita chuoni kunisalimu, tukakaa kwenye meza moja nje ya mgahawa wa wanafunzi. Nilimwomba asinijibu mpaka niweke kiganja mezani. Alinishangaa, akakubali. Nilichukua muda mrefu, chai yake ikapoa ikaota ngozi juu. Hakunikatiza. Nilimwambia kwamba sina mwingine, na hapa nakwambia na wewe, usitafute mwanamume nyuma ya barua hii, hayupo. Nilimwambia siwezi kuolewa kwa neno ambalo sikulisema. Nilipoweka kiganja, macho yalikuwa yamemwiva. Kisha akasema siku ile sebuleni yeye aliona kwamba mdomo wangu haujafunga. Aliona kabisa. Lakini jibu ulilolitoa wewe ndilo alilokuwa analitaka, kwa hiyo akalichukua. Nilimhurumia, mama, na safari hii nina hakika huruma ilikuwa ya kwake. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nikawaambie wazee mimi mwenyewe, watu wasije wakadhani ni yeye aliyenikataa au kwamba kuna aibu tunaificha. Nimemwahidi.

Basi nakuja. Chuo kikifunga nakuja moja kwa moja, na namwomba baba awaite baba mkubwa na wageni wale wale, sebule ile ile. Naogopa. Namwogopa baba mkubwa, namwogopa shangazi mtu na mkoba wake, na zaidi ya wote nakuogopa wewe, kwa sababu nitakwama. Usijidanganye kwamba chuo kimeniponya, hakuna aliyeniahidi hilo. Nitakwama kwenye neno lile lile, watu watatazama zulia, na mkono wako utataka kuja begani kwangu. Nakuomba uuzuie. Usiniombee radhi kwa watu, usiseme nina haya, usiseme unanijua. Hata ukijua ninachotaka kusema, na sasa unakijua, usinimalizie. Kaa tu, unitazame, ungoje kama wageni wengine.

Unaweza kukasirika. Una haki ya kuaibika na haki ya kukikumbuka kitambaa, na majirani watasema watakayosema, hilo siwezi kukuzuilia. Kama hutaki kuwapo sebuleni siku hiyo, nitaelewa, ingawa nitaumia. Lakini mimi ningependa uwepo. Watu wote niliowahi kuzungumza mbele yao nawajali kiasi, na hakuna hata mmoja ninayetaka anisikie kama ninavyotaka unisikie wewe.

Nisalimie mafundi wenzako, na yule mteja wako anayenenepa kila mwezi akidai nguo ndizo zimerudi. Mwambie baba nitamletea miwani aliyoniagiza. Mwambie kaka vitana vinauzika. Pumzisha mguu, usishone bila kuuinua. Mungu akulinde.

Nakupenda sana, mama. Na kama kweli umesoma mpaka hapa bila kushika simu, basi hii ni mara ya kwanza tangu unizae nimekwambia jambo mpaka nukta yake ya mwisho.

Ni mimi,
Kitinda mimba wako