Kambi Aliyoichagua Babu Yako

Barabara ya Bonde la Sveen,
Soldal, Wisconsin.
Julai 11, 2017.

Mpendwa mjukuu wangu Brita,

Pokea salamu za bibi yako, na kabla hujazisoma mbiombio kama unavyofanya kila kitu, keti kwanza. Mmeamkaje huko Oregon? Mumeo Ruben hajambo? Na huyo Signe, jino la pili limetoka au bado anawakesha? Mpe kijiko kilichopoa atafune, achana na dawa za dukani. Mimi ni mzima. Goti huniuma mvua ikitaka kunyesha, na mwaka huu mvua inataka kunyesha kila siku. Mahindi yamenipita kiuno. Mbu nao hawajambo, wote.

Babu yako nitamfikia. Usiruke mistari.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili nikitafuta ndani yake unachokitaka, sikukiona. Umeandika, "Bibi, chagueni kambi yoyote, kwangu zote sawa tu." Sawa tu! Neno hilo umelirithi kwa baba yako, naye kalirithi kwa babu yako, na babu yako kalirithi kwa Wanorwe wote waliolala pale makaburini kanisani, ambao kila mmoja alikufa akisema jeneza lolote ni sawa tu.

Au umesahau ulikotoka? Huku kwetu mtu akikaribishwa kahawa hukataa mara mbili, na ya tatu ndipo anashika kikombe. Jibu la kwanza ni adabu, la pili ni haya, la tatu ndilo lake. Anayemkaribisha mgeni mara moja tu hajamkaribisha, kamfukuza. Naambiwa huko Oregon wanauliza mara moja na kuondoa birika. Ndiyo maana umekonda.

Sasa babu yako. Tangu arudishwe kutoka hospitali mwezi wa pili hajavuka ua kwa hiari yake. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havimtii, na maneno yanamtoka moja moja, kama kuku wanaotoka bandani asubuhi ya theluji. Akili ni ileile, na ukaidi ni uleule. Ameketi dirishani, pazia kalifunga nusu. Kanisani haendi. Wakija watu anajifanya kalala. Nesi anayekuja kumnyoosha viungo aliniambia waziwazi kwamba mzee huyu asipopata kitu cha kumsimamisha, atakaa kitini mpaka atakapobebwa. Kwa hiyo kambi ya Agosti, ile wiki yetu ya kulala hemani mtoni, si starehe mwaka huu, Brita. Ndiyo kamba pekee niliyo nayo ya kumvutia nje. Nikichagua vibaya atakataa kushuka garini, na mwakani sitakuwa na wa kumchagulia. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Simu iko jikoni, na masikio yake ni mazima.

Ile kambi ya kilimani uliyonitumia picha yake nilikwenda kuiona, usije ukasema nimeikataa nikiwa kitandani. Sisemi uongo, milango ya vyoo ni mipana na maji ya moto yapo. Lakini kila hema linapigwa juu ya saruji, taa zinawaka kama stendi, na katikati kuna bwawa la kuogelea limejaa watoto wanaopiga mayowe. Mto hauonekani wala hausikiki. Mtu atoke kitandani kwake akalale kwenye maegesho ya magari? Nilimshukuru yule binti wa getini nikaondoka zangu.

Baba yako yeye hakuangalia picha wala kilima. Lowell aliamua tangu theluji haijayeyuka kwamba tutarudi palepale kwa Hauge, kwenye kona ya mto, kama kila Agosti tangu yeye mwenyewe akiwa na meno ya maziwa. Alimuuliza babu yako, "Baba, kwa Hauge?" Babu yako akasema, "Sawa." Mara moja! Kamuuliza baba yake mzazi mara moja, akachukua jibu la kwanza akaenda nalo. Nilimlea nani mimi?

Kisha akaanza kupiga misumari. Jumamosi baada ya Jumamosi anatoka Madison na gari limejaa mbao, anajenga njia ya kuteremshia kiti cha magurudumu kutoka nyasini mpaka majini. Kazi nzuri, siwezi kuikosoa, na unajua mimi hukosoa. Ameipiga randa hata upande wa chini ambako samaki tu wataiona. Nikimwangalia ananikumbusha babu yako siku zile za kujenga zizi, ulimi nje, hazungumzi na mtu. Nikasema moyoni, labda ni kweli, mzee anapatamani kwa Hauge. Nani kati yetu hajala kambale wake pale? Kila Jumamosi ya kambi yeye ndiye alisimama na sufuria kubwa ya mafuta, aproni yake ile ya madoa, akikaangia usharika mzima na hata wapiga makasia wa mjini wasiojulikana, akiwatania kwamba miiba ni ya bure.

Wiki iliyopita nikamtia garini kumwonyesha. Usiniulize nilimtiaje. Nilimwambia nakwenda kununua jibini na siwezi kumwacha peke yake na yule paka.

Tulipofika, aliyetupokea ni Myrna Gjerde. Si unamjua Myrna, yule mpiga kinanda wa kanisa, anayeweka trela yake pale tangu Mei ili mtu asije akachukua kivuli chake. Akaja mbio na sahani ya keki ya rubabu, ule mmea mchachu wa bustanini. Babu yako alikuwa ameshusha kioo. Myrna akaingiza kichwa kizima dirishani.

"ORLIN!" kapiga kelele mpaka ndege wakaruka. "UNANIJUA? MIMI NI MYRNA!"

"Myrna," nikamwambia, "kilichokufa ni mguu. Masikio mazima."

"Najua, shoga yangu, najua. ORLIN, UTAKULA KEKI? TAMU!"

Akamkatia kipande, akakitia mwenyewe kinywani mwa babu yako, kisha akatoa leso akamfuta kidevu. Hivyo, mbele ya watu. Na watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, Brita, kina Skaar, mchungaji, wote wamesimama na nyuso zile za kwenye mazishi. Mmoja akasema, "Usijali Orlin, mwaka huu tutakukaangia sisi, wewe utakaa tu pale kivulini." Wote wana roho nzuri. Myrna aliniletea chakula kila siku babu yako alipokuwa hospitali, viazi vya kuoka na nyama ya kusaga mpaka friji likashindwa kufunga, na sitamsahau kwa hilo. Lakini nilimwona babu yako anatazama mikono yake mapajani. Njia ya mbao ilikuwa palepale mbele yetu, inang'aa. Hakuitazama hata mara moja.

Nikaendesha gari mpaka darajani, nikazima injini.

"Orlin, unataka tuje hapa Agosti?"

"Sawa."

"Unataka tuje hapa?"

"Sawa tu, Ardis."

Nikamgeukia. Nikamshika ule mkono usiomtii, maana ule mwingine angenisukuma. "Mzee, nakuuliza mara ya tatu, na sijakuuliza kitu mara ya tatu tangu uliponiposa. Unataka kuja hapa?"

Akautazama mto chini ya daraja. Kisha neno likaanza kupanda, unaliona linavyomkwaruza koo. "Siyo," akasema. Halafu, "Watu." Halafu akafanya kwa mkono wa kushoto kama mtu anayegeuza samaki mafutani, akauacha mkono uanguke. "Siwezi kukaa," akasema. "Wao wanakaanga."

Mjukuu wangu, mimi silii ovyo. Niliwasha gari.

Wahenga husema mficha uchi hazai. Sisi tulificha haja zetu kwa adabu mpaka tukakaribia kumpeleka mzee wa watu kwenye mateso, kwa mapenzi, na mbao zimepigwa randa.

Ikabaki kumwambia baba yako. Nilimngoja Jumamosi, nikampa kahawa kwanza, nikamwambia yote bila kupaka sukari. Akasema, "Sawa tu, mama." Akatoka akaosha gari lake, ambalo lilikuwa safi. Akaliosha tena. Nikamfuata na kitambaa nikawa nakausha kioo upande wa pili.

"Lowell, umekasirika?"

"Hapana."

"Lowell."

"Siyo hasira, mama." Maji yanamtiririka viatuni wala haoni. "Sikujua nimfanyie nini. Nikikaa naye sebuleni sijui niseme nini, na yeye hawezi kusema. Mbao nazijua."

Basi nikamwacha alie kidogo nyuma ya gari, maana mwanamume wa huku lazima apewe kitu cha kujifichia. Kisha nikamwambia apande, na babu yako apande, tukaone kambi ya tatu.

Ni ile ndogo ya wilaya, kwenye kinu cha Oslund kilichobomoka. Hujawahi kulala pale, kwa sababu hakuna aliyewahi kupasifia. Nafasi ni chache, maji ni ya pampu ya mkono, choo ni cha shimo. Lakini ardhi ni tambarare, na mto pale umetulia na kupanuka juu ya changarawe, hata mtoto anaweza kukaa ndani yake. Nilitazama juu kwenye miti kuona takataka za mafuriko zilinasa wapi. Zimenasa chini ya bonde, upande wa pili, siyo huku. Hakukuwa na mtu isipokuwa korongo mmoja, naye hakuuliza hali za watu.

Baba yako akamshusha babu yako na fremu yake ya kutembelea. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua. Kuna nafasi nzuri mno chini ya mti mkubwa, kivuli mchana kutwa, upepo wa mto unapita, mbali na kila harufu. Nikasema, "Ni hapa."

Babu yako akatikisa kichwa. Akainua mkono wa kushoto akaonyesha kule nyuma, nafasi ya mwisho kabisa, iliyobanana na choo.

"Baba, pale?" Lowell akamwambia. "Pananuka."

"Pale."

"Baba, kweli pale?" Hapo nikaona huenda atajifunza, angalau akiwa na mvi. Akauliza tena, akasogea karibu. "Pale ndipo unapotaka?"

Babu yako akaigeuza fremu. Akaanza kwenda. Anasukuma fremu, anaburuta mguu, anasimama, anasukuma. Lowell akataka kumshika kwapa, nikamvuta shati. Tukabaki tumesimama kama nguzo mbili za uzio huku mzee anavuka zile nyasi peke yake, kutoka pale ambapo hema litakaa mpaka mlangoni mwa choo. Akafungua. Akaingia. Akafunga mlango, na tukasikia komeo.

Tangu mwezi wa pili, Brita, alikuwa hajaingia chooni bila mtu kumshika. Mimi, au nesi, au baba yako akiwapo, na kila mara anafumba macho.

Alikaa humo muda mrefu. Lowell ananitazama, namtazama. Kisha tukamsikia humo ndani anacheka. Alipotoka, suruali imekaa upande, mkanda hakuufunga, akatutazama kama bwana shamba anayetazama vibarua waliochelewa. Akasema, "Nendeni mkanunue jibini." Maneno matatu kwa mkupuo.

Basi tumepata kambi. Ni kinu cha Oslund, wiki ya pili ya Agosti, nafasi iliyo karibu na choo. Upepo ukigeuka mtanusa, na mtanusa bila kulalamika. Baba yako ameikata ile njia yake ya mbao ikawa fupi, ataitandaza kwenye changarawe. Myrna nimemwambia mwenyewe, kwa upole kadiri ninavyoweza, naye akaumia, akalia, akanipa keki nyingine.

Umeniandikia unaogopa Signe ataangua kilio akimwona babu yako mdomo umeenda upande. Atalia. Atalilia na ndevu za baba yako pia. Watoto hulia, wakanyamaza. Nadhani anayeogopa ni wewe, na sikulaumu, mke mwenzangu, hata mimi siku ya kwanza nilitazama dirishani badala ya kumtazama yeye. Ukija, usimfute kidevu. Usimmalizie neno, mngoje. Mtoto mweke mkono wa kushoto, ule una nguvu bado, kisha nenda kateke maji, uwaache.

Sasa nakuuliza. Utakuja? Jibu la kwanza nimekwisha kulipata kwenye barua yako, nimelitupa. Usiniandikie la pili.

Nisalimie Ruben, mwambie kitanda cha kukunja cha babu yako kitamtosha akikunja miguu. Mama yako anakusalimu, naye anashona chandarua kipya cha Signe. Lowell anakusalimu, hajasema, lakini najua. Bwana awalinde njiani, awatie usingizi mwema na huyo mtoto wenu, na awape ulimi wa kusema mnachokitaka mngali na pumzi.

Mimi bibi yako nikupendaye hata nikikugombeza,

Ardis Tollefsrud

Babu yako ameniona naandika, kauliza ni kwa nani. Nimemwambia. Amesema nikwambie choo kile ni chake kwanza, ninyi mtasubiri.