Geti la Bluu

Rajabu mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako hajambo, ila goti lake. Mahindi tumeshavuna.

Lakini unanichosha! Mara ya nne sasa unanitumia kutoka Dar picha ya geti la hiyo shule ya bei nafuu ya huku kwetu, unakotaka kumleta binti yako Zuhura, halafu unauliza, "Bibi, unaionaje?" Geti ni la bluu. Linafundisha hesabu?

Nilipokuwa msichana, baba alinituma Bukene kununua debe la asali. Nikaonja ya juu, tamu mno, nikabeba. Nyumbani baba akazamisha kijiti hadi chini, kikatoka na mchanga. Hakunigombeza. Alinikabidhi kile kijiti, akaenda zake msikitini.

Basi Jumanne nilikwenda kwenye hiyo shule yako ya geti la bluu bila kumwambia mtu. Mwalimu mkuu akanipa soda, akanionyesha kompyuta zilizofunikwa vitambaa. Nikashukuru, nikazungukia nyuma jikoni, nikamwomba binti wa kidato cha pili daftari lake la fizikia. Kurasa tatu tu zimeandikwa, na mwaka unakwisha!

"Mwalimu aliondoka, bibi," akasema. "Tunamsubiri mwingine."

Macho yangu mabovu, lakini karatasi tupu naiona.

Shule nyingine za ada hiyohiyo zipo. Panda treni, uje mwenyewe siku wasiyokutarajia, uombe daftari. Mimi kule Bukene nilipoteza debe moja la asali, na mwaka uliofuata nyuki walitengeneza nyingine. Zuhura unaye mmoja.

Bibi yako,
Nyumbani, Itetemia