Isale Lililofunguliwa Fundo

Baba yangu,

Shikamoo. Mama atanisamehe kwa kuanza na wewe, maana barua hii ni yako hasa. Mgongo unaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anawahangaisha? Mimi ni mzima. Joto la huku Maskati halina adabu. Ukitoka nje mchana ni kama umefunua sufuria ya mtori ukaiinamia. Kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli nimeizoea, ila miguu inavimba jioni.

Nimeandika kwa sababu simu ungeikata. Kila nikimtaja shangazi Kostansia unasema mtandao mbaya. Kweli kwetu mtandao ni wa ajabu, ukiwa jikoni uko Tanzania na ukifika zizini simu inakukaribisha Kenya. Lakini haiwezi kuwa mbaya kila ninapomtaja dada yako.

Dafrosa, binti yake, yuko hapa. Tangu mfungo uliopita tunafanya kazi chumba kimoja, yeye kwenye mashine, mimi kwenye pasi. Wenzetu Wafilipino walituuliza mbona tunafanana na pasipoti zetu ni za nchi mbili. Tukajibu kila mmoja kivyake kwamba hatujuani. Niliona aibu, Baba, lakini nilikuwa nimefuata njia yenu. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; na mimi nimelima hadi nimechoka.

Wiki iliyopita Dafrosa alipigiwa simu kwamba mama yake ameanguka bafuni. Ni kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno hayatoki tena. Alikaa chini kati ya mashuka machafu akalia kwa Kichagga. Mtu akilia kwa lugha ya bibi yako huwezi kuendelea kupiga pasi. Nilikaa naye, na hapo ndipo tulipoanza kuongea.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akituambia kwamba sisi hatukuhamia mpakani, mpaka ndio uliotukuta pale? Wazungu walikaa mbali huko, wakachora mstari kwenye karatasi, kisha watu wakaja kusimika mawe ya mpaka katikati ya migomba. Babu akaamka ana shemeji wa nchi nyingine. Hata hivyo maji ya mfongo, mfereji wa wazee, yaliendelea kuteremka toka kwetu kwenda kwenye mashamba yao, na Jumapili wao walipanda kuja kusali kwetu. Jumanne maharage yao yalikuja sokoni, ndizi zetu zikaenda. Shangazi aliolewa ng'ambo ya korongo, na Bibi alikuwa akimwita kwa sauti tu, bila kuvaa viatu.

Halafu ukaja ule mwaka wa ugonjwa, mpaka ukafungwa, na Bibi akafariki mle mle. Tulimzika kwenye kihamba chetu, kati ya migomba, bila binti yake. Ulisema wauza mahindi wanapita kila siku, iweje yeye ashindwe? Baba, hakushindwa kwa kutotaka. Askari walimrudisha mara mbili njiani. Siku ya mazishi alisimama ng'ambo ya korongo, akasikia nyimbo zote mpaka tulipoanza kufukia. Hakukwambia kwa sababu ulishatuma neno kwamba asikanyage kwako.

Sasa nakuja kwenye lile isale. Ulipokuja baada ya mazishi ule mzigo wa machipukizi ya migomba toka kwake, juu yake kulikuwa na kitawi cha mmea wa isale. Ulikigeuza mkononi, ukacheka bila furaha, ukasema, "Kostansia amenitumia mpaka. Yeye kwake, mimi kwangu." Ukakipanda kule chini kwenye ukingo wa korongo. Nani angekulaumu? Kwetu isale ndilo linalotenganisha kihamba na kihamba.

Lilikuwa na fundo, Baba.

Shangazi alilifunga mwenyewe, akaliombea, akamkabidhi yule mama Mkamba anayenunua parachichi. Yule mama hazijui mila zetu. Dafrosa amempigia kaka yake aende kumuuliza, naye akasema bila wasiwasi, "Niliona watoto wamelifunga jani, nikalifungua lisije likakatika njiani." Aliona anatunza mmea wa watu. Shangazi alikuomba msamaha, wewe ukasoma mpaka. Na miaka yote hii amekuwa akiamini kwamba kaka yake amekataa isale. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hata aliyeuliwa mwanawe hakatai isale lenye fundo. Fikiria amekuwa akilala na wazo gani.

Sikuandikii kukukosoa. Nakupenda, na najua hasira yako ilikuwa ni uchungu wa Bibi. Lakini naogopa sana. Naogopa nisije nikapigiwa simu kwamba amekwenda, na wewe ukabaki na jambo hili kifuani, huna wa kumpelekea. Mpaka uko wazi siku hizi. Ukishuka korongoni polepole na fimbo yako, mgongo utavumilia. Mjomba wa watu akiingia na isale mkononi, nani atamuuliza kitambulisho?

Barua hii ameichukua dada mmoja wa Kilema anayerudi likizo. Ataipandisha kwenye basi la Rombo akifika Moshi. Msalimie mama, mwambie kitenge chake nimeshakinunua. Msalimie kaka na mkewe, na yule mtoto wao niliyemwacha akitambaa. Katekista mwambie anikumbuke kwenye sala, na kwenye kata ya mbege pia, ijapokuwa huko hahitaji kukumbushwa.

Nabaki kuwa binti yako, niliye mbali kwa miguu tu,

Aurelia

Dafrosa ameomba kalamu, nimempa:

Mjomba, shikamoo. Mama hawezi kusema, ila anasikia. Kaka anasema kila mlango ukifunguliwa anageuza macho kuangalia ni nani.