Kamera Hii Ataibeba Nani?

3 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa binti yangu. Mimi mzima, isipokuwa magoti.

Nina msiba: kamera imekufa. Fundi ameifungua, akachungulia, akasema kipuri chake hakitengenezwi tena popote. Nikamwambia anioneshe. Kidogo kama ukucha! Ukucha umeninyang'anya wadudu, milima na nyota kwa siku moja.

Nikaenda dukani. Muuzaji akauliza, "Mama, unapiga harusi?" Nikamwambia napiga picha za mdudu chungu akivuka jani, kilima chenye ukungu na anga la usiku. Akacheka, akasema ninunue simu mpya. Simu! Mimi wakili, nimesikiliza waongo wa kila aina, lakini huyu alinishinda. Wanaotuambia tutosheke na simu ndio hao hao wanaotuambia tutosheke na kila kilicho kidogo.

Nataka kamera moja ya kazi zote tatu. Wewe chagua, mimi nitabisha.

Mwambie mke wako apige simu. Amekuwa adimu.

Mkweo

12 Februari

Mama mkwe,

Shikamoo. Pole kwa msiba. Mimi nipo porini tunapima mipaka ya shamba, jua kali, afya njema. Nyumbani ni kimya tu.

Kazi zako tatu zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Nyota zinataka kihisi kikubwa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga; la sivyo weusi wa anga hujaa chembechembe kama mchanga. Mandhari nayo yanataka hicho hicho, ili ukungu usigeuke weupe mtupu na bonde lisizame gizani. Chungu hajali. Kihisi kidogo humfaa hata zaidi, maana huonekana wazi mwili mzima, si jicho peke yake.

Nyota ndizo korofi, kwa hiyo tuziridhishe hizo. Nunua ile kubwa, na lenzi mbili, moja ya vitu vya karibu na moja pana, pamoja na stendi ya chuma isiyotikiswa na upepo. Vyote vitaingia mkoba mmoja.

Mkweo

1 Machi

Mkwe,

Hujambo? Sisi hatujambo, na hilo neno "sisi" nitalieleza.

Kwanza nabisha. Kamera yako nimeishika dukani, ni tofali. Ile ndogo ina skrini inayopinduka. Naiweka chini kwenye nyasi, naangalia kwa juu, silali tena kifudifudi. Unakumbuka jirani alivyotukuta nyuma ya ua, akashika kiuno? "Jamani, mtu na mama mkwe wake wamelala kwenye majani! Haya imekwenda wapi?" Nawe bila kuinua kichwa: "Shikamoo mama, usimkanyage mdudu." Nilicheka mpaka chungu akakimbia.

La pili. Binti yangu amefika Jumapili na masanduku mawili. Nilikutajia mke wako, ukanijibu kihisi! "Nyumbani ni kimya tu." Nyumba haikuwa kimya, ilikuwa inavunjika, na wewe ulijua.

Katika hili mimi si wakili wako wala hakimu. Ni mama wa mtu anayelia bafuni huku amefungulia bomba ili nisimsikie. Nijibu, na usinijibu kamera.

Mama yake

20 Mei

Shikamoo mama,

Natumaini u mzima na magoti yanakutii. Nimechelewa. Kila nilipoanza kuandika nilijikuta najitetea, na wewe utetezi mbovu unaunusa kutoka mbali.

Katika habari hii hakuna mlevi wala mzinzi. Mimi niliishi porini, yeye aliishi na viatu vyangu mlangoni. Nikirudi tulikuwa kama wageni wenye adabu. Alichoka, na alikuwa na haki ya kuchoka. Talaka imekamilika wiki iliyopita, bila kelele.

Kwa hiyo nafuta ushauri wangu. Nunua ile ndogo. Nilipokwambia ununue kubwa sikufikiria uzito, kwa sababu nilikuwa nafikiria mgongo wangu. Mkoba siku zote niliupandisha kilimani mimi. Sasa nikionekana nakusindikiza, nitamuumiza yeye, na wewe utalazimika kuchagua upande. Sitaki uchague. Anga litakuwa na chembechembe kidogo. Utazizoea.

Asante kwa yote, mama.

Aliyekuwa mkweo

9 Juni

Wewe,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimekasirika, kwa hiyo soma ukiwa umekaa.

Nitazizoea! Unanipangia hasara yangu, kisha unaiita heshima. Umetoa hukumu bila kusikiliza shahidi hata mmoja. Mimi nimemsikiliza.

Nilimsomea binti yangu barua yako jikoni. Akaosha sahani ile ile mpaka nikadhani itatoboka.

"Kwa hiyo unataka ruhusa yangu?"

"Naitaka."

"Na nikikataa?"

"Nitanunua ndogo, na sitalitaja tena."

Akatoka. Siku kadhaa tukawa tunaongea habari za chumvi na umeme tu. Halafu asubuhi moja, akifunga viatu kwenda kazini, akasema bila kuniangalia: "Mama, mimi ndiye niliyeachana naye. Wewe hakukuoa. Lakini ndani asiingie. Habari zake usiniletee, na zangu usimpelekee." Nikasema nimekubali. Akafika mlangoni, akageuka: "Na nyota za kamera ndogo ni mbaya. Nimeishi na wapiga picha wawili, msinidanganye."

Masharti hayo nitayashika neno kwa neno, nawe utayashika.

Jana nimenunua ile kubwa, lenzi mbili na stendi ya chuma. Nimepakia mkoba, nikajaribu kuuinua, nikauacha hapo hapo katikati ya sebule. Watu wanauruka. Ijumaa ya mwisho wa mwezi hakuna mbalamwezi. Wewe ni nani wangu sasa, sijui, na sina muda wa kutafuta. Jibu.

Mama

15 Juni

Shikamoo mama,

Nilisoma nimekaa. Kisha nikasoma nimesimama, wenzangu kazini wakaniuliza kama nimefiwa. Nikawaambia hapana, nimefufuliwa mtu.

Chaji betri zote. Lenzi usiifungue penye vumbi. Ijumaa hiyo jioni nitasubiri nje ya geti, na hodi sitabisha.

Lakini kuna jambo hatujalipanga. Mkoba uko sebuleni. Wewe huwezi kuuinua, mimi siruhusiwi kuingia. Nani ataufikisha getini?

Mwanao

Ijumaa, ujumbe wa simu

Mwanangu, habari za safari? Swali lako sikumtajia mtu; leo asubuhi nilisema tu kwamba usiku naenda kupiga nyota. Nimerudi kutoka mahakamani sasa hivi, sebule tupu, mkoba haupo. Nimeukuta getini juu ya kiti cha jikoni ili usiguse tope, umefunikwa kwa koti la mvua la binti yangu. Yeye yuko chumbani, amefunga mlango, na redio iko juu. Uchukue. Koti liache kwenye kiti, ulikunje vizuri.